Kwa mnaoanza kupasua vinundu vya maharage

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya udongo hapa Arusha, kabla ya kuuliza bakteria anayegeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia ana nguvu kiasi gani, ulizeni anaishi wapi: peke yake udongoni, au ndani ya vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizi.

Kugeuza molekuli moja ya naitrojeni ya hewani kuwa amonia humgharimu bakteria molekuli za ATP (kibeba nishati cha seli) zisizopungua 16, na kimeng'enya kinachoifanya kazi hiyo, naitrojenesi, huharibiwa na oksijeni. Ndiyo maana jeni zake huwashwa na kuzimwa kulingana na hali. Wengi hukariri kwamba amonia ikiwepo kazi husimama, kisha wanaitumia kanuni hiyo kila mahali. Inamfaa anayejitegemea udongoni, kama Azotobacter: kwake protini NifA huwasha jeni, na protini nyingine, NifL, huizuia NifA pale oksijeni au amonia inapokuwa nyingi. Aliye ndani ya kinundu ni habari nyingine kabisa. Amonia yake huenda kwa mmea, na ishara kubwa kwake ni uhaba wa oksijeni. Kwa Sinorhizobium meliloti, anayeishi na lusani (mmea wa malisho), protini FixL huhisi oksijeni imepungua, huiamsha protini FixJ, na jeni za kazi huwaka. Mmea nao huidhibiti oksijeni hiyo kwa leghemoglobini, protini inayoishika oksijeni, na hiyo ndiyo inayokipa kinundu wekundu ndani.

Kwa hiyo msiishie kuhesabu vinundu. Vipasueni kwa wembe. Chimbeni maharage yanapotoa maua, na chimbeni kweli kwa koleo, maana ukivuta shina vinundu vizuri hubaki ardhini. Wekundu au waridi ni dalili ya kazi. Kijani ni uzee. Cheupe bado hakijaanza, au aliyemo hafanyi kitu.

Mkikuta vinundu vichache, msimlaumu bakteria upesi. Mwamkieni mwenye shamba, kisha mwulizeni: "Mama, mahindi haya uliyatia urea lini?" Kwetu maharage hupandwa katikati ya mahindi, na naitreti, naitrojeni itokanayo na mbolea kama urea, ikijaa udongoni, harage lenyewe hupunguza vinundu. Naona swali hilo lina faida kuliko vipimo vingi vya maabara.

Pimeni pia pH, yaani kiwango cha tindikali. Udongo wenye tindikali kali huishikilia molibdenamu isipatikane, na naitrojenesi ya rhizobiamu, bakteria wa vinundu, haiundwi bila madini hayo. Hapo hata mkileta bakteria bora wa kuchanganya na mbegu, anzeni na chokaa ya kupunguza tindikali.