Mtaalamu wa nishati ashinde hapo hapo hospitalini

Ndugu mhasibu, umeuliza kama hospitali yenu ya serikali imwajiri mtaalamu wa nishati wa kushinda hapo kila siku, au iendelee kumwita mkaguzi wa matumizi ya nishati mara moja kwa mwaka. Kwa maoni yangu mwajirini, mradi kiasi mnachotarajia kuokoa kizidi mshahara wake. Mkaguzi huacha ripoti nzuri (nyingi huishia kabatini), lakini hatasikia viyoyozi vya ofisi vikinguruma saa nane usiku. Aidha, ankara ya umeme ya TANESCO kwa wateja wakubwa hutoza pia kilele cha matumizi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme mlichovuta kwa wakati mmoja mwezi huo, kinachopimwa kwa kVA (kipimo cha mzigo wa umeme). Kwa hiyo mashine za kufulia na za kuchemshia vifaa vya upasuaji zikiwashwa pamoja asubuhi moja tu, kilele hicho mtakilipia mwezi mzima. Mpeni ufunguo wa chumba cha umeme, na kila ankara aione kabla hujailipa.