Kifuniko cha 60 hakiingii kwenye boksi la 60: printa haina kosa

Mleta mada, nimekusoma. Umechora boksi la kuwekea bodi ya saketi, mdomo wake 60 mm, na kifuniko kinachozama ndani yake nacho ni 60 mm. Printa ya 3D imetoa vyote viwili na havikubaliani. Unauliza kama printa ni mbovu, na kama mchoro huohuo unaweza kwenda kiwandani vitengenezwe vipande 5,000.

Printa ni nzima. Hakuna mashine inayotoa 60 kamili. Kila moja hutoa 60 na kosa lake. Kazi yako ni kuamua kosa gani linavumilika, na hiyo ndiyo toleransi. Chukua printa inayokosea ±0.2 mm. Kifuniko ukikichora 59.4, hali mbaya kabisa ni mdomo 59.8 na kifuniko 59.6: kinaingia, kimebakiwa na 0.2. Upande wa pili ni mdomo 60.2 na kifuniko 59.2: kinacheza milimita nzima. Wanafunzi wengi hapo hukimbilia kubana toleransi. Mimi ningeongeza ulimi mwembamba unaonyumbulika wenye ndoana, kwa sababu kitu kinachopinda kidogo humeza kosa ambalo ungelilipia kwenye mashine ghali.

Halafu angalia tabaka la kwanza la plastiki ambalo printa hulaza. Hukandamizwa kwenye meza ya printa na kutanuka pembeni kwa sehemu ya kumi au mbili za milimita. Kifuniko kikigoma ukingoni tu, kisha kikateleza ukipiga msasa ukingo huo, umelipata tatizo. Chora mkato wa nyuzi 45 wenye upana wa 0.4 mm kwenye ukingo wa chini. Matundu nayo hutoka madogo kuliko mchoro: la kupitisha skrubu ya M3 (yenye kipenyo cha 3 mm) ni 3.4 mm, kwa hiyo lichore 3.6 au lipitishe biti ya drili ya 3.4. Na usichape boksi zima kwa jaribio. Kata kipande cha mdomo chenye kimo cha 10 mm, chapa hicho tu.

Kwenye chuma mambo yanabana zaidi. Shafti (mhimili) ya mm 20 inayozunguka ndani ya tundu huandikwa H7/g6, alama ambapo H7 ni toleransi ya tundu na g6 ya shafti: tundu ni 20.000 hadi 20.021, shafti ni 19.980 hadi 19.993. Nafasi haishuki chini ya 0.007 wala haizidi 0.041. Vipimo hivyo vinahesabiwa kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, kwa hiyo kipande kilichotoka mashineni kikiwa cha moto usikipime papo hapo.

Makosa pia hurundikana. Panga vipande vitano vya ±0.1, urefu wote unaweza kukosea ±0.5. Wapo watakaokuambia uzidishe 0.1 kwa kipeuo cha pili cha tano badala ya tano yenyewe, upate ±0.22 tu. Hesabu hiyo ni halali pale makosa yanapotawanyika kwa nasibu, lakini vipande vilivyotoka kwenye kalibu moja (umbo la chuma ambamo plastiki iliyoyeyuka husukumwa ili igande) kwa kawaida hukosea vyote upande uleule. Siitumii kabla ya kupima vipande halisi.

Sasa kiwandani. Kwa vipande 50, kila kimoja kinabeba asilimia 2 ya gharama ya kalibu; kwa 5,000 kinabeba asilimia 0.02. Idadi yako inaweza kustahili kalibu, ila mchoro wa printa hauendi hivyohivyo. Kuta za plastiki ya ABS zibaki kati ya 1.2 na 3.5 mm, na zilingane. Ukiongeza unene kutoka 2 hadi 4, muda wa kupoa unakaribia kuwa mara nne, na sehemu nene husinyaa ndani, uso ukabonyea. Ukitaka uimara weka mbavu (kuta ndogo za kukaza ndani) zenye unene wa 50 hadi 60% ya ukuta. Kuta zilizosimama zipe mteremko wa nyuzi 1 hadi 2, la sivyo kipande kitang'ang'ania chuma cha kalibu na kukwaruzwa kikitolewa. Na ile ndoana huzuia kalibu kufunguka moja kwa moja. Toboa dirisha chini yake, upande mmoja wa kalibu upenye hapo.

Plastiki husinyaa ikipoa. Kwa ABS inayosinyaa 0.5%, kalibu ya mdomo wako huchongwa takriban 60.3. Kwa polipropilini inayosinyaa 1.5% inafika kama 60.9. Ndiyo maana huwezi kubadili plastiki baada ya kalibu kuchongwa ukategemea kifuniko kikae vilevile.

Kipimo usichokuwa na uhakika nacho kianze kikiwa kimelegea. Kupunguza chuma cha kalibu ni rahisi, kukirudisha ni kuchomelea na kuchonga upya. Kifuniko chako kianze 59.2: kikicheza sana, fundi anachonga kalibu kidogo, plastiki inaongezeka, kinakaza. Ukianza na 59.8 na kikagoma, itabidi kalibu iongezewe chuma.