Alizaliwa, na Sasa Ameketi

Ifikapo tarehe 20 Desemba, stendi ya mabasi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, hujaa watu wa kwetu Kilimanjaro. Kila mmoja ana begi, kiroba cha mchele, na kitenge cha mama kilichokunjwa vizuri. Watani wetu husema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Nimeusikia utani huo tangu ujana wangu bila kukumbuka kwamba ndivyo habari ya Krismasi yenyewe inavyoanza: "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao" (Luka 2:3). Yusufu naye alikuwa anakwenda kwao.

Nakuandikia wewe unayepanda basi mwaka huu huku moyoni una jambo na mtu wa nyumbani. Mimi nilikaa nalo Krismasi tatu mfululizo.

Baba yetu alifariki mwezi Agosti. Nilipofika kwa Krismasi ya mwaka huo nilikuta masale yamehamishwa. Kwa wasiotujua, kihamba ni shamba la ukoo: humo mna migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee. Mpaka wake huonyeshwa kwa masale, mmea wa majani marefu ambao hata ukiukata huchipua tena. Yalikuwa yamesogea hatua nne kuelekea upande wangu, na aliyeyasogeza alikuwa kaka yangu mkubwa. Nilimuuliza, akanijibu vibaya, nami nikamjibu vibaya zaidi. Tangu siku hiyo sikumpa shikamoo.

Krismasi hiyo na mbili zilizofuata tulikula katika nyumba mbili zinazotazamana. Mama alipika sufuria moja ya machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, akaigawa, nusu huku na nusu kule, kisha yeye akala jikoni peke yake ili asionekane amechagua mtoto. Mimi niliona, na bado nikala nikashiba. Asubuhi yake tulikuwa kanisani sote wawili, safu mbalimbali, tukiimba habari za Mfalme wa amani.

Mwaka wa tatu ndipo lilipotokea ninalotaka kukueleza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na masikio ya mwalimu hayapumziki hata kwenye ibada. Tulisimama kwa Imani ya Mitume, maneno niliyoyakariri tangu darasa la kipaimara. Siku hiyo nikavisikia vitenzi. Akateswa, akasulubiwa, akafa, akazikwa, akashuka kuzimu, akafufuka, akapaa. Vyote ni vya -ka-, tukio likifuata tukio, kama hadithi inavyosimuliwa. Kisha mtiririko ule unasimama: ameketi mkono wa kuume wa Mungu Baba Mwenyezi. Ndugu zetu Wakatoliki husema amekaa kuume, na kiambishi ni kilekile. Siyo aliketi, wala siyo akaketi. Darasani huwa nawaambia wanafunzi: ukisema "mgeni aliketi," huenda ameshaondoka, ukisema "mgeni ameketi," nenda sebuleni utamkuta. Baada ya hapo imebaki -ta- ya atakuja. Mimi na wewe tunaishi katikati ya viambishi hivyo viwili, ndani ya -me-.

Magoti yaliniishia nguvu. Nilitambua kwamba miaka yote nimesherehekea Krismasi ya -li-. Mtoto alizaliwa, wachungaji walikwenda, mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Mambo mazuri, ya zamani, yasiyo na neno lolote kuhusu hatua nne za kihamba. Nilimpenda mtoto wa horini kwa sababu mtoto hakuamrishi kitu.

Rudi uyasome maneno ya malaika kwa Mariamu. Anataja ujauzito, kisha papo hapo anataja kiti: "Bwana Mungu atampa kiti cha enzi cha Daudi, baba yake. Ataimiliki nyumba ya Yakobo hata milele, na ufalme wake utakuwa hauna mwisho" (Luka 1:32-33). Isaya naye hakutenganisha: mtoto amezaliwa, na uweza wa kifalme uko begani mwake, katika mstari mmoja (9:6). Hori lilikuwa mlango tu wa kuingilia. Anayesherehekea mlango bila kuingia ndani hajaifikia sikukuu yenyewe.

Na Luka anaanza simulizi ya kuzaliwa kwa Yesu kwa kumtaja Kaisari Augusto, mtawala wa Roma, kwa makusudi kabisa ninavyoona mimi. Huyu Augusto kwenye sarafu zake aliitwa mwana wa aliyefanywa mungu. Huko Priene, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, limepatikana jiwe la mwaka 9 kabla ya Kristo lililoandikwa kwamba siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Ndipo malaika anawaambia wachungaji kwamba anawaletea habari njema ya furaha kuu, kwamba amezaliwa Mwokozi, ndiye Kristo Bwana. Maneno waliyozoea kumvika Kaisari anavikwa mtoto wa fundi seremala. Amri ya Kaisari ilimtoa Yusufu Nazareti hadi Bethlehemu, mji uleule aliokuwa ameutaja nabii Mika, na Kaisari hakujua kwamba anatumika. Leo amebaki kuwa jina la mwezi, mwezi uleule tuliomzika baba. Kiti chake kiko tupu. Kile kingine kina mtu.

Najua swali lako, kwa sababu lilikuwa langu. Kama anatawala, mbona mambo yako hivi? Mbona watoto wanakufa, mbona dhalimu ananenepa? Nakuomba usijibiwe haraka na mtu yeyote, hata mchungaji. Biblia yenyewe haifichi. Mathayo, baada tu ya mamajusi, anaeleza jinsi Herode alivyowaua watoto wa kiume wa Bethlehemu wenye umri wa miaka miwili na chini yake. Kilio cha Raheli, mama anayewalilia watoto wake, kimo ndani ya habari ya Krismasi, ingawa katika maigizo ya watoto wetu huwa tunakiruka. Na Waebrania 2:8 inakiri waziwazi: "lakini sasa bado hatujaona vitu vyote kutiwa chini yake." Neno ni bado. Anayesema bado anajua kwamba kazi inaendelea.

Paulo anasema hivyohivyo katika 1 Wakorintho 15: "Maana sharti amiliki yeye, hata awaweke maadui wake wote chini ya miguu yake. Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Angalia mpangilio wake. Kristo hatawali baada ya maadui kwisha. Anatawala wakiwa bado wapo, mpaka waishe. Kwetu siku ya Krismasi baada ya ibada tunapita makaburini, pale kwenye migomba, tunapalilia na kuweka maua. Tangu mwaka ule mistari hiyo miwili ndiyo ninayoisoma kwenye kaburi la baba. Mauti imetajwa kwa jina lake halisi, adui, na imepangiwa zamu. Kama mwaka huu una kaburi jipya, usijilazimishe kuwa na furaha ya kwenye kadi. Nenda nalo lile neno sharti.

Sasa ushauri, kwa kifupi pale panapohitaji ufupi. Usikope kwa ajili ya sikukuu. Ada za Januari hazimwogopi mtu, na Mfalme aliyelazwa horini hakudai sofa mpya. Usiupoteze mchana wa Krismasi kubishania tarehe: Biblia haitaji siku, na orodha ya Kirumi ya mwaka 354 ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayotaja 25 Desemba. Tunachoadhimisha ni kwamba alikuja. Wiki ya mwisho ya Majilio soma nyumbani kwa sauti Luka 1 na 2, lakini usiishie kwa wachungaji kurudi kondeni. Ongeza Zaburi 110 na 1 Wakorintho 15:20-28, usiku uleule, mbele ya watoto walewale. Wakizoea kumwona Yesu akiwa mtoto kila Desemba, watafika ukubwani wakidhani wao ndio wanaomlea.

Kubwa zaidi, lipeleke lile jambo lako mbele yake kama mtu anavyokwenda kwa mwenye mamlaka. Mimi nilikuwa nimempelekea Yesu mazao, nyimbo na sadaka, ila masale nilibaki nayo mwenyewe. Nilimwona kuwa Mfalme wa mbinguni, na kihamba nikakihesabu kuwa changu na cha kaka. Lakini alisema, "Nimepewa mamlaka yote mbinguni na duniani." Hatua nne za migomba ni duniani.

Usinielewe vibaya. Sikuambii uachie haki yako. Kama kuna kesi ya ardhi, mjane kanyang'anywa, mtoto yatima kafukuzwa, nendeni barazani na mahakamani. Mfalme huyu anapenda hukumu ya haki. Nasema habari ya kilichokuwa mikononi mwangu. Mpaka sikuusogeza mimi. Shikamoo niliiondoa mimi.

Tarehe 26 alasiri nilikata jani la sale. Wachagga wanajua: jani hilo linaloonyesha mpaka ndilo pia la kuombea msamaha, na anayeletewa hapaswi kulikataa. Nimelipita maisha yangu yote bila kushangaa kwamba mmea mmoja unafanya kazi zote mbili. Nililikata kwenye mstari uleule tuliougombania, nikavuka, nikamkuta kaka anachambua majani ya ng'ombe.

"Shikamoo kaka," nikasema. Nikamnyoshea jani kwa mikono miwili. "Nisamehe kwa shikamoo za Krismasi tatu."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepanga maneno mengine, yakaniishia. Akajifuta mikono kwenye suruali, akalipokea, akalichomeka juu ya fremu ya mlango. "Marahaba," akasema, akarudi kwenye majani yake.

Hatukuzungumzia mpaka siku hiyo. Masale hayajarudishwa mpaka leo ninapoandika, na kuna siku jambo hilo bado linaniuma, nalipeleka tena kwa aliyeketi. Mwaka uliofuata, tulipotoka makaburini, mama hakugawa sufuria. Aliibeba nzima mpaka chini ya mparachichi, akapanga sahani za nyumba zote mbili, akachukua kigoda chake jikoni, akaketi nje pamoja nasi.