Makarani wapya, kumbukumbu iandikwe watu wakiwa bado wameketi

Kila mkutano wa mwaka wa Marafiki (Waquaker) unapowakabidhi meza makarani wapya, yaani wanaoongoza vikao vyetu, haipiti miezi mingi kabla makosa yale yale hayajajirudia. Ajenda inajazwa hadi Marafiki wanakosa nafasi ya kunyamaza. Kamati inaleta jambo bichi na kutaka liamuliwe kabla ya chakula. Karani anahesabu mikono iliyonyooshwa, wakati jumuiya hii imefanya shughuli zake bila kura kwa zaidi ya miaka 350. Ndugu na dada mliopokea kazi hii, tunajua mmeitika kwa moyo safi, na kwa kuwa tunawapenda tunayasema haya waziwazi.

1. Funga ajenda mapema, wiki mbili kabla ya kikao, na mwenye kuchelewa asubiri kikao kijacho. Kila jambo liwekwe kwenye fungu lake: la kuamua, la kutafakari bila kuamua, au la taarifa tu. Taarifa zitumwe kwa maandishi na zisisomwe kikaoni, kwa kuwa hakuna kinachokausha mkutano kama kusomewa kurasa ambazo kila mtu anazo mkononi. Katika kikao kinachochukua saa tatu usiweke mambo mazito zaidi ya mawili, na lile zito zaidi lije mara baada ya ukimya wa kufungulia, watu wakiwa bado hawajachoka.

2. Jambo liive kabla ya kupanda ngazi. Mkutano wa mwezi, yaani wa Marafiki wa mahali pamoja, ndio unaowajua wenye jambo. Ukilipeleka mkutano wa robo mwaka, unaokusanya mikutano kadhaa ya mwezi, na robo mwaka ikalipeleka mkutano wa mwaka, ulio juu ya yote, kila ngazi iandike yenyewe imeona nini, isiwe tarishi wa kupitisha karatasi. Mwaka 1688 Marafiki wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika barua ya kupinga utumwa. Mkutano wao wa mwezi ukasema jambo ni zito mno kwao, ukalipeleka robo mwaka. Robo mwaka nayo ikasema ni zito mno, ikalipeleka mkutano wa mwaka uliokaa Burlington. Huko nako halikuamuliwa. Ilifika 1758 ndipo Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulipoteua Marafiki, John Woolman akiwa mmoja wao, kwenda kuwatembelea wanachama waliomiliki watumwa na kuzungumza nao, na 1776 ndipo ulipokataza kabisa wanachama kumiliki watu. Karani anayetaka kuelewa tofauti kati ya kusubiri uongozi wa Mungu na kukwepa mzigo aisome historia hiyo taratibu. Wale wa 1758 hawakuwa wamefika mwisho, lakini waliandika hatua wanayochukua na watu watakaoichukua. Mikutano ya 1688 iliandika uzito peke yake.

Kama jambo linagawa watu, itisha kwanza kikao cha kupembua. Hicho ni kikao cha kusikilizana kisichoandika uamuzi wowote, na karani atangaze hivyo mwanzoni na atimize. Ukichomoa uamuzi mwishoni mwa kikao cha namna hiyo, hakuna atakayekuja kwenye kinachofuata.

3. Kumbukumbu. Hapa ndipo mikutano inapoumia, na kosa lenyewe ni dogo kulitazama: karani anasema "basi tumekubaliana", vichwa vinatikisika, kikao kinasonga mbele, kisha kumbukumbu inaandikwa nyumbani siku tatu baadaye.

Chukua mfano wa paa. Kamati ya majengo inaleta ombi la kutengeneza paa la nyumba ya mikutano. Mmoja anasema liwe la bati jipya lote, mwingine anasema upande unaovuja tu. Mzee mmoja anasema hana pingamizi mradi fedha za vijana zisiguswe. Kimya. Karani anahisi umoja, na pengine umoja upo kweli, anasonga mbele. Siku tatu baadaye karani mwandishi anaandika: "Mkutano umekubali paa litengenezwe." Mweka hazina anauliza, kutoka mfuko upi? Wadhamini wanakataa kutia sahihi mkataba kwa kuwa hawaoni kiasi. Kamati imekwisha kumwita fundi wa paa lote. Yule mzee anasoma na hakuti neno lolote kuhusu fedha za vijana. Hapo ugomvi haukai tena kwenye paa, unahamia kwenye swali la nani alisema nini. Na swali hilo halina jibu, kwa sababu kila aliyekuwepo anakumbuka ukimya ule kwa namna yake. Karani anaitisha kikao kingine, nusu ya waliokuja ni wengine kabisa, na umoja uliokuwepo mara ya kwanza haupatikani.

Chanzo ni kudhani kwamba kumbukumbu ni picha ya mkutano uliopita. Kwetu kumbukumbu ndiyo uamuzi. Nia ya mkutano haijajulikana mpaka iwekwe katika maneno, isomwe kwa sauti na waliomo chumbani waikubali. Mpaka hapo, alichonacho karani ni dhana yake.

Hatua ni hizi. Unapoona maneno yameanza kujirudia, omba ukimya na useme: "Marafiki, tuwashike karani na karani mwandishi katika sala wanapoandika." Mwandishi aandike pale pale, dakika tano au kumi. Karani msaidizi akianza kuandaa rasimu mapema, aandike utangulizi peke yake na aache nafasi ya uamuzi. Rasimu iliyokuja na uamuzi ndani yake humfanya karani asikie anachotaka kusikia. Kumbukumbu iwe na namba, kichwa, jambo limetoka wapi, tumeona nini, tumeamua nini, nani atatenda, kwa fedha ipi, na lini ataleta taarifa. Kwa mfano:

"Kumbukumbu ya 14: Paa la nyumba ya mikutano. Tumepokea taarifa ya kamati ya majengo kwamba paa linavuja upande wa mashariki. Tunakubali upande huo utengenezwe kwa fedha za akiba ya majengo, kwa kiasi kisichozidi makadirio yaliyo kwenye taarifa. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya vijana zisiguswe. Kamati isimamie kazi na ituletee taarifa katika kikao kijacho. Nakala ziende kwa wadhamini na kwa mweka hazina."

Isome yote, polepole. Uliza kama Marafiki wanaikubali, kisha nyamaza na uwatazame watu usoni, si karatasi. Anayetaka kurekebisha aseme neno lipi litoke na lipi liingie. Hotuba hazifunguliwi upya. Lakini marekebisho yakigusa kiini, elewa kwamba hamkuwa mmefika, mrudi kwenye jambo lenyewe. Baada ya kila badiliko isome tena yote, maana neno moja likihama hubadili uzito wa yaliyobaki. Ikikubaliwa, imekwisha. Karani hana ruhusa ya kuinyoosha lugha baadaye, hata kama sentensi inamkera. Kosa la tahajia linasahihishwa, neno halibadilishwi.

Msipofika, andikeni kwamba hamkufika: "Hatujapata umoja juu ya jambo hili. Tunalirudisha kwa kamati ilitazame swali la gharama, na tutalipokea tena robo mwaka ijayo." Makarani wapya huiona hiyo kama aibu. Ni kumbukumbu halali kama nyingine, na inawaokoa wengi na kuburutwa.

4. Anayepinga asizungukwe. Kuna asiyeona vyema lakini hataki kuuzuia mkutano. Huyo hujiweka kando, na akitaka jina lake liandikwe, liandikwe. Kuna asiyeweza kuungana kabisa. Huyo asikilizwe kwa makini mpaka mkutano ujue kama anachokileta ni uongozi au ni hofu. Kazi ya kutambua hilo ni ya mkutano mzima. Karani asimkatie mtu hukumu kwa sauti yake, na karani mwenye maoni makali juu ya jambo ampishe msaidizi kitini.

5. Huduma za watu. Rafiki akisema ameitwa kwenda kutembelea magereza, au kufundisha amani mashuleni, mkutano usikimbilie kupiga makofi wala kuhoji nauli. Iundwe kamati ya uwazi ya watu watatu hadi watano, wasiwe marafiki zake wa karibu peke yao. Kazi yao ni kuuliza maswali ya kweli, yaani maswali ambayo muulizaji hajui jibu lake, na kukaa kimya kati ya swali na swali. Ushauri uliojificha ndani ya swali ("hujafikiria kumaliza masomo kwanza?") ndio unaoharibu kamati nyingi.

Wito ukionekana wazi, mkutano wa mwezi unaandika kumbukumbu ya safari: huyu ni nani, anakwenda kufanya nini, kwa muda gani. Mikutano atakayoitembelea inaandika maneno yake nyuma ya waraka huo, na akirudi anaurejesha kwa waliompa. Waraka usiorejeshwa ni dalili kwamba hakuna aliyekuwa akimfuatilia, na mhudumu asiyefuatiliwa huchoka au hupotoka bila mtu kujua. Mpeni kamati ya kumsindikiza inayokutana naye kila baada ya miezi mitatu. Michango ya huduma ipitie akaunti ya mkutano, kamwe isipitie mfuko wa mhudumu.

6. Kamati ya uteuzi ianze kazi miezi sita kabla, na jina la mtu lisifike kikaoni kabla mwenyewe hajaelezwa kazi ni ipi, ni ya miaka mingapi, na akakubali.

7. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sahihi mbili kwa kila malipo. Mkaguzi asiwe ndugu wa mweka hazina. Fedha iliyotolewa kwa kusudi fulani isiazimwe hata kwa wiki moja.

8. Kamati isiyo na kazi ihitimishwe kwa kumbukumbu ya shukrani.

9. Waraka, yaani barua ya mkutano wa mwaka kwa Marafiki wa kila mahali, huachwa hadi usiku wa mwisho, ndipo unapogeuka kuwa orodha ya wazungumzaji na vyakula. Teueni waandishi watatu siku ya kwanza, mmoja awe kijana, na wakae katika kila kikao wakiandika kilichowagusa watu. Rasimu isomwe kikaoni siku moja kabla ya kufunga, maoni yatolewe kwa waandishi kando, kisha isomwe tena nzima na ikubaliwe kama kumbukumbu nyingine yoyote. Karani anatia sahihi kwa niaba ya mkutano, na unatumwa wiki hiyo hiyo.