Maswali ya Wasomaji: Mchungaji mwenye kura ya kuamua

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesikia kwamba Fred Nile, mchungaji wa Australia aliyevuma kwa harakati za kutetea maadili ya Kikristo, alidumu bungeni kwa zaidi ya miaka 40, ilhali chama chake hakikuwahi kuunda serikali. Alipata wapi nguvu hiyo, na kwa nini alizua mabishano mengi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nguvu yake ilitokana na namna kura zinavyohesabiwa. Nile, mzaliwa wa Sydney wa mwaka 1934, alikuwa mjumbe wa chemba ya juu ya bunge la jimbo la New South Wales, ambako viti hugawanywa kwa uwiano wa kura za jimbo zima. Aliingia mwaka 1981 kwa takriban asilimia 9 ya kura, baada ya kuongoza kwa miaka kadhaa harakati za Festival of Light zilizopinga ponografia, utoaji mimba na ushoga. Kura hizo, zilivyotawanyika, zisingemfikisha popote katika chemba ya chini, lakini kule juu zilimtosha. Na kwa kuwa mara nyingi serikali ilikosa wingi humo, kura yake na ya mkewe Elaine, aliyekuwa mjumbe tangu 1988 hadi 2002, ziliweza kuupitisha muswada au kuukwamisha.

Mwaka 2015, kwa mfano, ndiye aliyeiwezesha serikali kukodisha miundombinu ya umeme kwa wawekezaji binafsi. Naamini hilo lilistahili kuhojiwa kuliko yote, kwa sababu watu waliompa kura ili alinde maadili hawakumtuma kuamua hatima ya nguzo na nyaya za umeme.

Mabishano yaliyosikika zaidi, hata hivyo, yalihusu imani na mwenendo wa watu. Aliomba hadharani mvua inyeshe siku ya gwaride la mashoga la Sydney. Mwaka 2002, baada ya magaidi kuteka ukumbi wa maonyesho mjini Moscow, aliitaka serikali ifikirie kupiga marufuku uvaaji wa chador (joho la wanawake wa Kiislamu linalofunika mwili, mfano wa baibui) hadharani, akidai kwamba vazi hilo laweza kuficha silaha. Na mwaka 2007 akataka uhamiaji wa Waislamu usitishwe. Sisi tuliolelewa na mama na bibi waliovaa baibui hatuwezi kuipokea hoja hiyo ya chador kama suala la usalama tu, kwani ilimfanya mwanamke mcha Mungu atazamwe kama mshukiwa kwa sababu ya nguo yake.

Mwaka 2004 alijiuzulu ili agombee Seneti ya taifa, akashindwa, kisha chama chake kikamteua kuijaza nafasi ileile aliyoiacha wazi. Sheria iliruhusu hivyo. Chama chenyewe kilivunjwa kwa amri ya mahakama mwaka 2022 kufuatia mgogoro wa ndani, naye akaondoka bungeni mwaka uliofuata.