Mkuu, usiikoroge hiyo ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye glasi moja!

Weka glasi chini kwanza. Umeuliza mambo matatu: dalili za kupungukiwa maji, mtu anywe kiasi gani kwa siku, na mwishoni ukachomekea, kama vile si kitu, kwamba mtoto anaharisha na pakiti ya ORS unaikoroga yote kwenye glasi "ili iwe nzito imshike haraka". Hayo mawili ya mwanzo yasubiri. Hilo la mwisho nimewahi kulifanya mwenyewe, na hasira zangu bado ni mbichi kwa aliyenikabidhi pakiti kwenye dirisha la dawa akasema "koroga tu kwenye maji". Maji gani? Kijiko? Kikombe? Pipa?

ORS si dawa ya kusema ukiikoleza inaongezeka nguvu. Pakiti ya lita moja ya fomula ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ina gramu 20.5: chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5, sitrati ya sodiamu 2.9. Kwenye utumbo mdogo kuna vijilango ambavyo sodiamu na glukosi hupita pamoja, kisha maji yanafuata. Vijilango hivyo huendelea kufanya kazi hata mtu akiharisha vibaya, na ORS yote imejengwa juu ya hilo. Lakini vinataka uwiano. Mwaka 2002 fomula ya zamani ilizimuliwa, ukolezi wake wote ukashushwa kutoka miliosmoli 311 hadi 245 kwa lita, kwa sababu ile nyepesi ilionekana kupunguza choo na kutapika. Wataalamu wameizimua, wewe unaikoleza!

Piga hesabu. Ikichanganywa sawa ina sodiamu milimoli 75 kwa lita. Ukiitia kwenye glasi ya mililita 250 inafika 300, wakati damu ya binadamu inakaa kati ya 135 na 145. Kinachotokea ni kwamba maji yanatoka kwenye damu kwenda utumboni kuzimua huo mchuzi wako, mtoto anaharisha zaidi, nawe unasema "dawa inasafisha tumbo". Haisafishi kitu. Sodiamu ikipanda kwenye damu, chembe za ubongo nazo zinanyang'anywa maji: mtoto analialia bila kunyamaza, kisha analegea, kisha degedege. Na mtego wake ni huu: chumvi inamtia kiu kali, anang'ang'ania kikombe, unafurahi kwamba leo anakunywa vizuri, unamwongezea ileile.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nitairudia mpaka mnichoke: PAKITI NZIMA, KWENYE MAJI YOTE YALIYOANDIKWA JUU YA PAKITI. Soma pakiti. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za mililita 500 na za 200. Maji yapime kabla ya kufungua pakiti. Chupa mbili za nusu lita ni lita moja, hapo huwezi kukosea. Ile chupa kubwa ya lita 1.5 watu huichukulia kuwa ya lita moja. Ukiijaza, chumvi inakuwa pungufu, na sodiamu ikishuka sana kwenye damu nayo huleta degedege. Jagi lisilo na alama ni kubahatisha tu.

Usigawe unga nusu kwa jicho. Chumvi na glukosi hazikai sawasawa ndani ya pakiti, unaweza kumpa mtoto nusu yenye chumvi karibu yote. Usiongeze sukari eti inywike. Usiitie kwenye juisi, maziwa wala soda. Maji kama si salama yachemshe na kuyapoza kwanza, ndipo utie unga; ukishachanganya usichemshe tena, maji yatapungua na umerudi kwenye mchuzi. Onja kabla ya kumpa: isizidi chumvi ya machozi. Ikipita saa 24, mwaga.

Kama huna pakiti kabisa: lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Si kijiko cha mlima. Na tafadhali usigeuze, kuna watu hutia chumvi sita. Hata ukipatia, hiyo haina potasiamu, ni ya kuvukia tu mpaka pakiti ipatikane.

Kumpa: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja kila dakika mbili tatu. Chupa ya kunyonyea inammiminia kwa pupa, tumia kikombe na kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Dalili, haraka haraka. Mdomo mkavu, mkojo mchache wa rangi iliyokolea, macho yaliyozama, analia bila machozi, utosi wa mtoto mchanga umebonyea. Finya ngozi ya tumbo na uiachie: ikirudi polepole, ameshapungukiwa. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, au amelegea haamki vizuri, au hawezi kunywa, au kinyesi kina damu, acha kusoma uzi huu nenda hospitali sasa hivi. Njiani endelea na kijiko ikiwa anameza. Wazee msiwasubiri waseme wana kiu, kwao kiu huchelewa.

Glasi ngapi kwa siku? Kwa mtu mzima mwenye afya, mkojo ukiwa wa njano hafifu uko sawa. Joto likizidi au ukifanya kazi ya jasho, ongeza.

Sasa hiyo uliyokwisha kuikoroga usijaribu kuiokoa kwa kuongeza maji, kwa sababu hujui ameshakunywa kiasi gani wala kimebaki kiasi gani. Mwaga, pima maji yaliyoandikwa kwenye pakiti nyingine, ndipo uifungue. Na kama ameshakunywa zaidi ya vijiko vichache vya ile nzito, mpeleke akaonwe leo, uwaambie wazi ulichanganya na maji kiasi gani. Usione aibu, mimi niliona aibu na daktari akapoteza muda kutafuta chanzo.