Maswali na Majibu: Ameshakubali Tiba, Mbona Bado Tunamhofia?

Mdogo wangu amekubali kutibiwa uraibu wa heroini, anasubiri nafasi kliniki. Nilidhani tumevuka. Juzi kasema, "Nimechoka kuishi." Nilichukulie kwa uzito?

Ndiyo, tena leo. Mtu hafiki mlangoni mwa kliniki siku yake nzuri. Mara nyingi kaachwa, kazi imekwenda, madeni yamemzonga. Akikosa heroini, arosto huanza ndani ya saa 8 hadi 24: jasho, kuhara, mifupa kuuma. Mateso hayo ya mwili huisha kwa siku 4 hadi 10. Kukosa usingizi na moyo mzito huweza kubaki kwa wiki nyingi, na hapo ndipo ndugu wameshashusha pumzi wakaacha kumtazama. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2004 ulikuta watu wenye uraibu huu hufa kwa kujiua takriban mara 13 zaidi ya watu wengine.

Rudi kliniki uwaambie maneno yake yale yale, usiyalainishe. Waeleze pia kama amewahi kujaribu, ana sonona au maumivu sugu, au huchanganya na pombe na vidonge vya usingizi. Asisubiri nafasi hiyo akiwa peke yake.

Nikimuuliza kuhusu kujiua, si nitakuwa nimemtia wazo?

Hapana. Wazo kama lipo, lipo kabla yako. Uliza waziwazi: "Unawaza kujiua?" Usiulize, "Huwazi mambo ya ajabu, eti?" maana hapo umeshamfundisha jibu. Kisha nyamaza. Kijana mmoja niliyemuuliza hivyo aliikunja kadi yake ya kliniki mara nne, akaikunjua, akaikunja tena, ndipo akasema, "Tangu Jumamosi." Ningeongea katikati ya hapo, nisingesikia.

Dada alizidisha dozi, akazinduliwa. Anasema ilikuwa bahati mbaya. Tumwamini?

Msimfanyie kesi. Wengi wenyewe hawana jibu moja, utasikia, "Sikutaka kufa, ila sikujali kama nitaamka." Hiyo nayo ni hatari, iambieni kliniki. Na jambo la dharura: naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, humwamsha mtu, lakini nguvu yake hudumu kama dakika 30 hadi 90, ilhali dawa aliyotumia inaweza kukaa mwilini muda mrefu zaidi. Lazima apelekwe hospitali hata kama amekaa anaongea.

Mume wangu anatumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na anataka kuiacha ghafla ili awe "safi".

Neno hilo "safi" linanikera, kana kwamba anayekunywa dawa yake ni mchafu. Methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huo, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Wiki za kwanza baada ya kuacha ni za hatari sana: mwili umepoteza uzoefu wa dozi ya zamani, na akirudia heroini kwa kiasi kile kile inaweza kumuua. Kama anataka kupunguza, apunguze na daktari, polepole.

Ni mimi mwenyewe. Wiki ya pili ya methadoni. Silali, naona bora nisingekuwepo. Nikisema, wataniona msumbufu.

Umeshasema, na nimekusikia. Dozi ya kuanzia huwa ndogo kwa makusudi, kisha hupandishwa taratibu. Huenda yako haijafika inapotakiwa, na usiku ndio unakulipisha. Usijiongezee chochote. Kesho kliniki, kwenye dirisha la dawa, kabla hujameza, sema: "Nawaza kufa." Ukishindwa kutamka, andika kwenye karatasi uwape. Leo mtafute mtu mmoja alale ulipo, na dawa zilizomo ndani azitunze yeye. Wazo likianza kuwa na mpango, au ukiona huwezi kujizuia, usingoje kliniki ifunguliwe. Piga simu ya dharura au nenda hospitali usiku huo huo, na huyo mtu aende nawe.